Managu tunayataka, jiko ndio hatuna

Mhariri,

Kila mara nasikia watu wakituambia sisi wanafunzi wa vyuo tuache chipsi tule vyakula vya kienyeji, ati ni vizuri kwa afya na mazingira. Sawa, nakubali. Lakini hao watu washawahi kukaa hosteli kweli? Kwetu kupika chumbani ni marufuku, koili yako ya kupikia ikishikwa imeenda hiyo, halafu ukishuka kantini ni chipsi, smoki na chapo. Managu, ile mboga yetu ya kienyeji, hupikwa Alhamisi peke yake na saa saba ikifika imeisha.

Na hiyo chapo tunaiona chakula cha nyumbani kabisa kumbe ngano nyingi tunayokula Kenya inatoka nje, ndio maana vita vya Ukraine vilipoanza 2022 unga ukapanda bei na chapo za kibandani zikawa nyembamba unaona mkono wako upande wa pili. Nduma na viazi vitamu vyetu havingoji meli.

Muhula huu nimehamia nje ya chuo na wenzangu watatu. Kila Jumamosi tunachanga mia mbili mbili, wawili wanadamka kwenda soko la jumla la Marikiti kabla jua halijatoka, wanarudi na mahindi, maharagwe, kabichi na managu, tena kwa bei ile mama mboga mwenyewe ananunua. Wiki ya kwanza tulijiona wajuaji, tukatupa maharagwe kwa sufuria bila kuloweka, tukachemsha mpaka gesi ikatuishia na bado yanagonga meno! Siku hizi yanalala kwa maji Jumamosi usiku, Jumapili yanaiva haraka, tunayachanganya na mahindi na githeri inatufikisha Jumanne. Managu nayo jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, alitufunza kuichemsha, kumwaga maziwa kidogo na kuiacha ilale, asubuhi ule uchungu umepungua. Mwenzangu aliyekuwa anaiita dawa sasa ndiye anakwangua sufuria.

Ila si kila cha karibu ni kizuri, jamani. Kuna sukuma inamwagiliwa maji taka kando ya Mto Nairobi na hiyo iko karibu kuliko zote. Muulize mama mboga imetoka wapi, akianza kuangalia kando rudisha polepole uende zako.

Sasa wale wenzetu waliobaki hosteli wafanye nini? Ombi langu kwa wakuu wa vyuo ni chumba kimoja tu kwa kila ghorofa, kiwe na sinki, meza ya saruji na jiko la stima lenye mita yake. Tokeni za stima tutachanga wenyewe, kufagia tutapanga zamu, na hizo koili zenu mnazoogopa zitachoma jengo mtaacha kuzitafuta chini ya vitanda.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili,
Nairobi