Bessie Coleman hakushindwa na ndege

Mhariri,

Tangu nistaafu ufundi wa ndege sijawaandikia hata mara moja, hata mwaka ule mlipotuchapishia ratiba ya treni ya zamani tukakesha stesheni. Lakini makala yenu ya Jumapili, kwamba rubani Mmarekani Bessie Coleman alifariki kwa "kushindwa kuimudu ndege", imenishinda kunyamazia.

Kushindwa lini? Huyu alikuwa akitengeneza watu kucha Chicago. Shule za urubani za Marekani zikamfungia mlango kwa kuwa ni mwanamke, tena mweusi. Akajifunza Kifaransa, akavuka bahari mwaka 1920 hadi shule ya urubani ya ndugu wa Caudron kule Le Crotoy, Ufaransa. Miezi saba kwenye ndege ya Nieuport ya mbao na kitambaa, na injini za enzi zile zilitema mafuta ya nyonyo hadi usoni kwa rubani. Alimwona mwanafunzi mwenzake akianguka na kufa, asiache. Juni 15, 1921 akapewa leseni. Na siku aliyokufa, Aprili 30, 1926, pale Jacksonville, usukani hata haukuwa mikononi mwake! Aliyekuwa akirusha ni fundi wake, William Wills. Bessie hakufunga mkanda, apate kuchungulia chini mahali pa kurukia na mwavuli siku ya pili. Spana iliyosahaulika ikakwama kwenye mitambo ya usukani, ndege ikapinduka, akadondoka. Spana, mhariri.

Nazijua spana. Mwaka 1987 jioni tunahesabu vifaa, moja haipo, ya nusu inchi. Mkuu wa karakana akafunga mlango, hakuna kwenda nyumbani. Tulifungua sakafu ya ndege ya mafunzo mpaka saa saba usiku, tukaikuta imelala kando ya waya wa mkia. Ilikuwa yangu. Kijana aliyeirusha ndege hiyo asubuhi mpaka leo hajui.

Halafu ile picha! Mmeweka ndege ya Cessna. Kampuni hiyo ilianzishwa 1927, mwenzenu yuko kaburini. Na siku hizi kwenu kila ajali ni uzembe wa rubani, moshi haujaisha. Basi likipinduka ni dereva, meli ikizama ni nahodha. Bolti haijawahi kushtakiwa gazetini.

Tafuteni ubao, mchore umbo la kila spana kwa rangi nyekundu kama tulivyofanya sisi, mtundike chumba cha habari. Mwandishi asitoke mpaka kila umbo lina spana yake. Ya nusu inchi nitaileta mwenyewe, bado ninayo.

Fundi mstaafu,
Tabora