Khanga ya fidia haimalizi kipigo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakazi wenzangu wa Tanga, hasa sisi wa Ngamiani na Makorora, juu ya desturi ambayo tumeizoea mno: mwanamke akipigwa na mumewe, wazee hukutanishwa, mume hutozwa doti ya khanga, mke huambiwa avumilie, na shauri huhesabiwa limekwisha.

Mwaka jana, mara baada ya adhana ya alfajiri, jirani yangu alibisha hodi kwangu akiwa na kandambili mguu mmoja, amejitanda khanga hadi usoni. Alipoishusha ili anywe chai, niliona jicho limefumba na mdomo umepasuka, na kikombe alikishika kwa mikono miwili kwa jinsi alivyokuwa akitetemeka. Kikao kilifanyika siku hiyo hiyo baada ya sala ya alasiri. Nami nilikuwamo, na hadi leo najuta kwamba nilinyamaza. Alipewa khanga mpya akarudi kwake. Haikutimia miezi miwili tukampeleka hospitali mkono umevunjika, na kwa kuwa hatukupita kwanza polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali mtu akijeruhiwa, tulirudishwa kuifuata, yeye ameuning'iniza mkono kwa ile ile khanga ya fidia.

Sisemi kwamba wazee wetu wana nia mbaya, maana wengi wao huamini kweli kwamba wanaiokoa ndoa. Lakini usuluhishi ni wa watu wawili waliokosana, ilhali hapa mmoja amemjeruhi mwenziwe, na kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinatamka wazi kuwa hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake wa ndoa, hata kama mila inasema vinginevyo. Nusu karne na zaidi imepita, na bado swali la kwanza barazani ni mke alifanya nini.

Baada ya mkasa ule, wanawake wa kikundi chetu cha vikoba tulikubaliana kwamba nyumba tatu za mtaa wetu zitamfungulia mlango yeyote atakayebisha usiku, na kwamba wawili kati yetu watafuatana naye hadi Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, wachukue PF3 kabla ya kwenda hospitali. Kijana mmoja wa bodaboda amejitolea kutubeba bila nauli. Tumezungumza pia na masomo wanaowafunda mabinti zetu, kwa sababu ni wao wanaosikilizwa kuliko sisi sote. Mmoja wao, mama mtu mzima, alitusikiliza kimya, kisha akasema kuwa siku zote amekuwa akiwausia wari kuficha siri ya nyumba, na kwamba kuanzia sasa atawaambia kipigo si siri. Kwangu mimi neno hilo lilikuwa zito kuliko semina yoyote, kwa kuwa wahenga hao hao waliotuusia siri ndio waliosema mficha uchi hazai.

Hata hivyo, vikoba haviwezi kushika kazi ya serikali. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, ulioanza mwaka 2017/18, uliagiza ziundwe Kamati za Ulinzi wa Wanawake na Watoto hadi ngazi ya mtaa na kijiji. Niliwauliza majirani kumi wajumbe wa kamati yetu ni akina nani, na hakuna aliyenitajia hata mmoja. Mwanamke anayekimbia saa nane za usiku hawezi kuitafuta kamati asiyoijua kwa sura wala kwa nyumba.

Kwa hiyo nawaomba wenyeviti wa mitaa, kabla ya Siku 16 za kupinga ukatili kuanza tarehe 25 Novemba, wabandike majina na namba za simu za wajumbe hao kwenye mlango wa ofisi ya serikali ya mtaa, sokoni na msikitini, na wawatambulishe mbele ya mkutano wa hadhara ili wananchi wawaone.

Wasalaam,
Mama wa vikoba, Makorora, Tanga