Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Wachoraji

Ndugu wanachama,

Habari za fedha namwachia Mhazini. Risiti zote anazo yeye, na mimi nikizigusa tutagombana. Nitasema juu ya kazi zenyewe.

Mwaka huu Kamati ilitoa agizo ambalo wengi mlilinung'unikia: kwenye maonyesho yetu, kila mchoraji alete walau picha moja ambayo hakuna mteja aliyeiagiza. Sababu mnaijua. Pita mabandani mwetu hapa Dar es Salaam utakuta twiga, tembo, na Wamasai waliopangwa mstari na mlima nyuma yao. Siwabezi, picha hizo ndizo zinazolipa kodi ya nyumba, yangu ikiwamo. Ila nilipouliza nani kati yetu amewahi kufika Serengeti, mikono iliyonyooshwa haikuwa mingi. Tunachora safari ya mtalii, kisha tunamuuzia mtalii huyohuyo.

Waliotutangulia hawakuanza hivyo. Edward Saidi Tingatinga alianza uchoraji mwaka 1968, akauza picha zake pale Morogoro Stores, Oysterbay. Alitumia rangi ya baiskeli kwenye vipande vya siling bodi kwa sababu ndivyo alivyovimudu. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, na mtu wa kule mnyama anamjua kwa hasara ya shambani na kwa hadithi za usiku. Wapo wanaosema alichochewa na picha za Wakongo zilizokuwa zikiuzwa mjini, wapo wanaotaja michoro ya kwenye kuta za nyumba za Wamakua. Pengine ni vyote viwili. Alifariki mwaka 1972, na katika miaka hiyo michache alikuwa ameshawafundisha ndugu na jamaa zake; sisi tunakula kwenye sahani hiyo mpaka leo.

George Lilanga naye aliyatoa mashetani ya picha zake kwenye vinyago vya Wamakonde, akayahamishia kwenye rangi pale Nyumba ya Sanaa, karakana ya wasanii hapa Dar es Salaam, mahali alipoanzia kazi kama mlinzi. Ukiyatazama vizuri, na masikio yao yale makubwa, ni majirani zetu tu. Na Sam Ntiro, pamoja na kusoma Makerere na London, kwenye picha zake alibaki migombani Kilimanjaro. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ilichukuliwa na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Haina twiga hata mmoja.

Sasa, mlileta nini? Mnada wa samaki Feri, mafuriko ya Jangwani, konda anayening'inia mlangoni mwa daladala. Nyingine, niseme ukweli, zilikuwa ni twiga waliohamishiwa Kariakoo. Iliyonishika ni ya dada yetu mmoja: kamba ya nguo uani, kanga zimeanikwa, hakuna mtu. Kwa jina la kila kanga unaanza kubuni nani anaishi nyumba ile na nani hasemezani na nani. Mzungu mmoja aliipita bila kusimama. Kina mama wa Kiswahili walisimama mbele yake wakicheka, na mmoja wao akainunua. Hazikuuzwa zote, na sitaahidi kwamba zitauzwa mwakani.

Lipo pia suala la kuibiwa kazi. Mwenzetu mmoja aliikuta picha yake imechapwa kwenye mikoba dukani, bila kuulizwa wala kulipwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda aliyechora, lakini lazima uweze kuthibitisha kwamba kazi ni yako. Tieni sahihi, pigeni picha kila kazi kabla haijatoka mkononi, na sajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Mtindo wa Tingatinga hauna mwenyewe, kwa hiyo msije ofisini kwangu kulalamika kwamba jirani naye anachora chui wa madoadoa.

Kamati inaomba mkutano uamue kama agizo la picha isiyoagizwa liendelee. Mimi naliunga mkono. Katibu analipinga, na mtamsikia. Kura itapigwa baada ya taarifa ya Mhazini. Wenye picha stoo wazichukue kabla ya masika, kwa kuwa bati la juu ya rafu linavuja na fundi bado hajalipwa.