Barua kwa vijana wa Wete mnaofunga mizigo kwenda machimboni

Assalaam alaykum wanangu,

Nimesikia kuna kundi lenu linajiandaa kuvuka bara, wengine Chunya, wengine Geita, kutafuta dhahabu. Hilo silikatazi. Na sisi tulivuka, tena mbali kuliko huko. Kilichonifanya nishike kalamu ni khabari kwamba baadhi yenu mnakodisha mikarafuu ya wazee wenu kwa misimu kadhaa, ili mpate pesa ya kuingia ubia kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, la mtu msiyemjua. Hapo nina neno.

Ujana wangu niliumaliza baharini, na meli ikanifikisha Vancouver, Kanada. Ndipo nilipoisikia khabari ya mto Fraser, na tangu hapo kila maandishi yake yaliyonifikia nimeyasoma. Mto huo unapita kwenye korongo refu la majabali. Pahala paitwapo Hell's Gate, maji yote yale yanabanwa kwenye upenyo wa mita 35 hivi. Wenyeji wa hapo ni watu wa Nlaka'pamux, wavuvi wa samaki aina ya salmoni tangu dahari, na ndio walioanza kuokota dhahabu ya mtoni na kuiuza kwa kampuni ya Hudson's Bay. Mapema mwaka 1858 khabari zikafika San Francisco, basi tena. Tarehe 25 Aprili meli ya Commodore ikatia nanga Victoria, bandari ya huko huko Kanada, mji wa watu mia chache tu, ikashusha wachimbaji zaidi ya 400 kwa mkupuo mmoja. Mwaka ule watu wapatao 30,000 walielekea huko.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi walipopotelea. Dhahabu ya mtoni ni nzito, inaishinda maji uzito mara 19, kwa hiyo hutua pale mkondo unapolegea, kwenye mafungu ya mchanga ndani ya vipindo vya mto. Fungu lililosifika zaidi ni Hill's Bar, karibu na mji wa Yale. Lakini mto ule hujaa mwezi wa Juni na Julai, theluji ya milimani inapoyayuka. Waliowasili wakati huo walikuta mafungu yamefunikwa na maji. Wakakaa ukingoni wakila akiba zao, unga ukiuzwa kwa bei ya kukufuru, na maelfu wakarudi walikotoka wakiapa kuwa wametapeliwa. Hawakutapeliwa. Dhahabu ilikuwepo, chini ya maji. Hawakuuliza msimu.

Waliosubiri mto ushuke walifanya kazi kwa sanduku la kutikisa. Mmoja anamimina mchanga na maji juu, mwengine anatikisa, chini kuna kipande cha blanketi kinachonasa chembe. Dhahabu ya Fraser ilikuwa laini kama unga, ikabidi watie zebaki ili ishikane. Mkifika mwaloni huko bara, pahala pa kuoshea mchanga wa dhahabu, mtakuta taulo au gunia limetandikwa ubaoni, na chupa ya zebaki pembeni. Kazi ni ile ile. Basi nakuombeni, msiichome zebaki ndani ya chumba mnacholala wala kwenye sufuria mtakayoipikia. Moshi wake unaingia kwenye figo na mishipa ya fahamu, na hauna dawa ya kuchemsha nyumbani.

Wageni wale hawakuwaomba wenyeji ruhusa. Kufika Agosti pakawa na vita, vijiji vya Nlaka'pamux vikachomwa moto na watu wakauliwa. Waliokuja na bunduki walikuwa pande mbili, wengine wakitaka kuwamaliza wenyeji kabisa, wengine, wakiongozwa na mtu aitwaye Snyder, wakitaka suluhu. Chifu Spintlum ndiye aliyewatuliza watu wake, na mapatano yakafanywa Lytton, ukingoni mwa mto ule, mwezi huo huo. Mimi namheshimu sana mzee yule, japo sina hakika watu wake walipata nini kwa subira ile. Serikali ya Uingereza ilikuja na yake: gavana James Douglas alikuwa keshaweka leseni ya shilingi 21 kwa mwezi kwa kila mchimbaji, na tarehe 19 Novemba 1858, Fort Langley, ikatangazwa koloni mpya ya British Columbia. Waliokuwa na nchi hawakuulizwa.

Nani basi aliyetoka na kitu? Wenye maduka, wenye mashua, wenye nyumbu wa kubeba mizigo. Na Wachina. Wao walikuja pamoja na wengine, lakini wenzao walipoyahama mafungu na kukimbilia Cariboo kaskazini, Wachina wengi waliingia palipoachwa, wakayaosha tena, wakipanga mawe safu kwa safu kwa mkono. Safu hizo zingali zinaonekana hadi leo karibu na Lytton. Huko Cariboo nako, Billy Barker aliipata dhahabu nyingi mwaka 1862 hata mji ukaitwa kwa jina lake, Barkerville. Alikufa fukara mwaka 1894, katika nyumba ya kutunzia wazee.

Na korongo? Dhahabu ya mafunguni ilipungua ndani ya miaka michache. Ikapasuliwa barabara kwenye majabali, kisha reli, kisha reli ya pili. Ujenzi wa hiyo ya pili ndio ulioporomosha mawe Hell's Gate mwaka 1914, samaki wakashindwa kupanda kwenda kutaga. Ngazi za kuwapitishia zilijengwa katikati ya miaka ya 1940. Hesabuni wenyewe: dhahabu ya kugombania iliyokwisha upesi, na riziki ya samaki iliyoumia miaka zaidi ya 30.

Mkarafuu unakuchukua miaka 7 au 8 ndipo uzae, kisha unakulisha wewe na mjukuu wako. Ndiyo maana nasema nendeni na mikono yenu na fani zenu, shamba liacheni nyumbani. Fundi wa mashine hakosi kazi machimboni, wala mpishi. Mwenye duara akikuambieni mtoe pesa, ulizeni kwanza leseni iko kwa jina la nani, muione kwa macho. Mgao wa mawe uandikwe kabla hamjashuka chini, na muandike pia nani analipa matibabu mtu akiangukiwa. Mkipata chochote, kauzeni kwenye masoko ya madini yaliyofunguliwa tangu 2019, si kwa mtu anayekufuateni gizani na mizani yake mfukoni.

Waliokwisha kupokea pesa ya kukodisha, msizitumie. Njooni kwangu Ijumaa baada ya sala na karatasi mlizotia saini, na muje na wazee wenu. Aliyekodi ni mtu wa hapa hapa, tutamwita tuzungumze naye kabla msimu haujaingia.

Wassalaam,
Mzee wenu, Wete