Mhariri, tupeni ukurasa mmoja wa mchezo wa baiskeli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji. Mimi ni fundi baiskeli wa Ngamiani, Tanga, mji ambao baiskeli ni ya kila mtu: mzee anayekwenda sokoni, mama wa baibui, na mtoto anayekwenda shule kwa baiskeli ya babake huku mguu kaupitisha chini ya bomba la fremu kwa sababu hajafikia kiti. Nyingi ya hizo baiskeli za watoto zinanifikia zikiwa hazina breki hata moja. Mtoto anasimama kwa kusugua kandambili kwenye tairi la mbele.

Mpwa wangu anafundisha darasa la nne. Pamoja naye tumetengeneza mchezo wa ubao wa kufundisha usalama wa baiskeli, unaochezwa kwa dadu na vizibo vya soda kama ludo ya barazani. Wengi wakisikia hivyo hutushauri tuchukue nyoka na ngazi, pale penye nyoka tuchore ajali, basi. Nalikataa wazo hilo kwa nguvu zote. Mchezo ule asili yake India, na ulikuwa wa kufundisha maadili: ngazi ni wema, nyoka ni dhambi. Lakini mchezaji hachagui kitu. Dadu ikitaka umezwe, unamezwa. Mtoto akijifunza barabara kwa namna hiyo atatoka na yale yale tunayoambiana msibani, kwamba ajali haina kinga. Fremu nyingi zilizopinda ninazoletewa zilikuwa na kinga yake: breki, kengele, taa, au kusimama tu kidogo.

Kwetu dadu inataja mwendo ulio nao, basi. Ukipata sita na mbele yako kuna makutano, mwenye breki anaweza kwenda mbili akasimama. Asiyepita kwa fundi kufunga breki lazima amalize zote sita, hata kama zinamtupa katikati ya barabara. Kupita kwa fundi kunakula zamu moja, na watoto wenye haraka huruka, kama wanavyofanya kwangu. Anayebeba wenzake mshikaki kwenye keria anahitaji zamu mbili kusimama. Na ubao wenyewe ni Ngamiani hii hii, barabara zetu za namba zilizonyooka na kukatana kila baada ya nyumba chache, kila kona ina duka linaloziba macho.

Gari ni kizibo chekundu. Kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kwenye makazi, ni karibu mita 14 kwa sekunde. Mtoto anayeendesha kilomita 15 kwa saa anakwenda mita nne hivi. Kwa hiyo kila baiskeli ikienda hatua moja, gari linaruka hatua tatu. Watoto wengi hutazama gari liko mbali kiasi gani, hawapimi linavyokuja. Nilimwona mmoja, mtoto wa jirani, kashika kizibo chake tayari kuvuka, akahesabu hatua za gari kwa kidole, akarudisha mkono, akasema, "Nangoja." Hakuna aliyemfundisha jibu hilo.

Jua likizama, asiye na taa wala kiakisi mwanga anageuza kizibo chake kifudifudi, na mwenye gari hana wajibu wa kumkwepa kwa kuwa hamwoni. Hapo ndipo kelele huwa nyingi. Vikadi vya maswali tumeviacha kabisa. Mtoto hujibu "ndiyo mwalimu" darasani, akitoka getini anakata kona bila kugeuka.

Najua mchezo haumpunguzii dereva mwendo, wala hautujengei njia ya baiskeli, na hata pale njia ilipo utakuta imepangwa meza za biashara. Hayo nayo yadaiwe kwa wahusika. Lakini ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29, na hao wa chini kabisa katika hesabu hiyo wako barabarani kesho asubuhi.

Ombi langu ni ukurasa wa kati wa gazeti lako, mara moja, katika Wiki ya Nenda kwa Usalama. Kuchapa wenyewe kumetushinda kwa gharama. Gazeti linafika hadi vijijini. Mtoto akilibandika kwenye boksi kwa uji mzito wa unga wa ngano, ubao umepatikana. Nusu ya ukurasa iwe Ngamiani, nusu iachwe nyeupe ili mtoto wa Ifakara au Shinyanga achore njia yake ya shule, na mashimo yake na daraja lake. Hatudai malipo. Mchoro uko tayari na rangi mbili zinatosha, nyeusi na nyekundu. Mwandishi wenu wa hapa Tanga akipita nitamkabidhi.

Fundi baiskeli,
Ngamiani, Tanga