Barua ya wazi kwa vijana wa klabu za sayansi: zisomeni pia safari za Mwezini zilizoharibika

Wanangu na wajukuu zangu,

Salaam. Nimefundisha fizikia katika shule za sekondari hadi nikastaafu, na bado nafuatilia mnayoandikiana kuhusu Mwezi. Naona mmegawanyika makundi mawili. Kundi moja linasema hakuna binadamu aliyewahi kukanyaga kule, kwamba picha zile zilipigwa studio. Kundi la pili linajibu kwa kutaja jina la Neil Armstrong na tarehe 20 Julai 1969, kisha linaishia hapo. Yote mawili yananisikitisha kwa sababu ileile: hakuna anayetaja yaliyoharibika. Na sehemu kubwa ya historia ya kwenda Mwezini ni vyombo vilivyolipuka, vilivyopotea njia na vilivyonyamaza ghafla, pamoja na watu waliokaa chini wakachunguza na kuandika kwa nini.

Anzeni mwaka 1958. Tarehe 17 Agosti Marekani ilirusha chombo cha kwanza kabisa kilichokusudiwa kufika Mwezini, na roketi ikalipuka baada ya sekunde 77. Januari 1959 Wasovieti wakarusha Luna 1, wakitaka kiugonge Mwezi. Kikaukosa kwa kilomita zipatazo 6,000. Luna 2 kikaugonga Septemba mwaka huohuo, na Oktoba Luna 3 kikapita nyuma yake na kupiga picha za upande ambao tangu kuumbwa kwa dunia hakuna jicho lililokuwa limeuona. Wamarekani nao wakaja na Ranger, mfululizo wa vyombo vya kwenda Mwezini. Zote sita za mwanzo hazikutimiza kazi. Ya sita ndiyo inayouma zaidi: Februari 1964 ilifika hasa pale ilipotakiwa kufika, lakini kamera zake hazikuwaka. Julai mwaka huo Ranger 7 ikatuma picha zaidi ya 4,300 kabla ya kujibamiza. Mtoto anayefundishwa Ranger 7 peke yake amefundishwa nusu ya somo, tena nusu iliyo nyepesi.

Hapa niwaambie jambo ambalo vijana wengi wa Unguja hawalijui. Februari 20, 1962, Mmarekani John Glenn alipoizunguka dunia angani, mawimbi ya chombo chake yalipokewa Kano, Nigeria, kisha yakapokewa Tunguu, Zanzibar, ambako Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury. Mradi ule wa kurusha watu angani ulikuwa ngazi ya kwanza ya kuelekea Apollo, mradi wa kuwafikisha Mwezini. Kituo kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Wazee wenu waliishi jirani na habari hii, na nyinyi mna haki ya kuisoma kama yenu.

Sasa tuje kwa waliokufa. Januari 27, 1967, Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee walikuwa wamefungiwa ndani ya Apollo 1, juu ya roketi isiyo na mafuta, wakifanya mazoezi. Chombo kilikuwa kimejazwa oksijeni tupu kwa mgandamizo uliozidi wa hewa ya nje. Katika hali hiyo hata vitu visivyoshika moto kwa urahisi huwaka. Cheche ikaruka. Mlango ulifungukia ndani, na mgandamizo uliopanda kwa ule moto ukaubana hata wasiweze kuufungua. Hakuna aliyepona. Baada ya uchunguzi mlango ulitengenezwa upya, ufungukie nje kwa sekunde chache. Hewa ya ndani wakati chombo kikiwa bado ardhini ikachanganywa na naitrojeni. Vitu vinavyowaka vikaondolewa. Armstrong na wenzake waliruka ndani ya chombo kilichosahihishwa kwa roho za hao watatu. Ndiyo maana nasema ukimtaja Armstrong bila Grissom umedhulumu mtu.

Na hata Apollo 11 yenyewe, safari iliyomfikisha Armstrong Mwezini, haikwenda kama ilivyopangwa. Walipokuwa wakishuka, kompyuta ilianza kutoa kengele ya 1202, maana yake imeelemewa na kazi. Kikosi kilichoandika programu ile, chini ya Margaret Hamilton huko MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, kilikuwa kimekwisha kuwaza siku ya namna hiyo, wakaifundisha kompyuta kuziacha kazi ndogo na kushikilia kazi ya kutua. Armstrong naye akaona wanapelekwa kwenye majabali, akashika usukani mwenyewe. Walitua saa tano na dakika 17 usiku kwa saa zetu za Afrika Mashariki, na akashuka ngazi saa kumi na mbili kasoro dakika nne, alfajiri ya Jumatatu.

Lakini kama mna muda wa kusoma kisa kimoja tu, nawasihi kiwe cha Apollo 13. Aprili 1970 tangi moja la oksijeni lilipasuka chombo kikiwa mbali na dunia kwa zaidi ya kilomita 300,000. Wengi husimulia jinsi Lovell, Swigert na Haise walivyorudi salama, na ni kisa cha kusisimua. Mimi nataka msome kuhusu tangi. Ndani yake kulikuwa na vipasha-joto na swichi za kuvizima joto likizidi. Swichi zilitengenezwa kwa umeme wa volti 28, ule wa kwenye chombo. Baadaye ikaagizwa zihimili volti 65 za mitambo ya ardhini. Agizo likaandikwa, swichi hazikubadilishwa, na katika ukaguzi wote uliofuata hakuna aliyelibaini. Tangi lenyewe lilikuwa limewahi kuangushwa kiwandani kwa sentimita tano hivi. Wiki chache kabla ya safari likagoma kumwagika oksijeni kwa njia ya kawaida, basi mafundi wakawasha vipasha-joto kwa saa nane ili iliyobaki igeuke mvuke itoke. Swichi zikayeyuka na kugandana kwa ule umeme mkubwa, zikashindwa kuukata. Joto ndani likapanda hadi mamia ya nyuzi, likababua ngozi ya nyaya, na ndizo nyaya hizo zilizokuja kuleta mlipuko safarini. Na aliyekuwa akiangalia kipimo hakuona kitu, kwa sababu kipimo kile hakikuweza kuonyesha zaidi ya nyuzi 30 hivi za Selsiasi. Mshale ulifika mwisho ukasimama, na kila mtu akaamini mambo ni shwari.

Someni tena sentensi hizo taratibu. Hakuna mzembe mmoja wa kunyoshewa kidole. Yote haya tunayajua kwa sababu tume iliyoongozwa na Edgar Cortright ilifuata kila karatasi na kila waya, ikatoa ripoti yake Juni mwaka huohuo, hadharani. Huyo anayewaambia mambo haya yalitungwa, mwulizeni: mtunga uongo ana haja gani ya kuandika aibu yake kurasa kwa kurasa? Zipo na hoja nyingine, za kilo 382 za mawe na udongo, za vioo vilivyoachwa kule ambavyo hadi leo hurudisha miale ya leza na kutupimia kuwa Mwezi unasogea mbali nasi kwa sentimita 3.8 kila mwaka. Lakini kwangu ripoti za makosa ndizo shahidi mzito zaidi.

Wasovieti walichagua kuficha. Chombo cha Mwezini kikishindwa kutoka kwenye mzingo wa dunia, kilipewa jina la Kosmos na namba, kana kwamba hakikuwa na safari. Roketi yao kubwa, N1, iliharibika mara zote nne iliporushwa kati ya 1969 na 1972. Mlipuko wa Julai 3, 1969 uliteketeza uwanja wa kurushia. Raia wao hawakuambiwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Wahandisi wao walikuwa hodari, sitaki mwadharau: Luna 9 ndicho cha kwanza kutua salama Mwezini, mwaka 1966, na Zond 5 ilipeleka kobe kuuzunguka Mwezi na kuwashusha hai katika Bahari yetu ya Hindi, Septemba 1968. Ila nawahurumia waliofanya kazi miaka kumi wasiruhusiwe kusema hata walichojifunza.

Tazameni India. Septemba 2019 chombo chao cha Vikram kilianguka dakika za mwisho kabla ya kutua. Wakachambua: injini zilisukuma kuliko ilivyotarajiwa, makosa madogo yakajumlishana, na eneo la kutulia lilikuwa dogo mno, mita 500 kwa 500. Safari yao iliyofuata, Chandrayaan-3, ikapewa eneo la kilomita kadhaa, miguu imara zaidi, mafuta zaidi, na orodha ndefu ya mambo yanayoweza kuharibika. Ikatua Agosti 23, 2023, karibu na ncha ya kusini, siku nne tu baada ya Luna 25 ya Urusi kuanguka.

Ombi langu kwa kila klabu ni daftari moja la majaribio yaliyoharibika. Andikeni mlichotarajia, kilichotokea, kipimo kilisoma nini na mwisho wake ni wapi, nani alibadilisha nini na lini. Majina yaandikwe kwa ajili ya kuulizana, asiaibishwe mtu. Mwalimu akiwaambia daftari hilo litaipunguzia shule sifa mbele ya wageni, mwelezeni kwa adabu habari za Cortright.

Mkutano wa kwanza uwe wa lile tangi. Chorani ubaoni, volti 28 upande huu, volti 65 upande ule, na kipimo kinachokoma kwenye nyuzi 30. Kisha mwulizane, mmoja baada ya mwingine: mimi ningekuwa nimesimama wapi katika mnyororo huu, na ningeona nini?

Ni mimi mzee wenu,
mwalimu mstaafu wa fizikia