Barua ya malalamiko: ala zetu za muziki na buti la basi lenu

Wapiga ala watano,
Ngamiani, Tanga.

23 Juni 2025

Meneja,
Kampuni ya Mabasi,
Stendi ya Kange, Tanga.

Ndugu Meneja,

YAH: KUHARIBIWA KWA ALA ZA MUZIKI, SAFARI YA KANGE (TANGA)–MBEZI (DAR ES SALAAM), IJUMAA 13 JUNI 2025

Husika na somo tajwa hapo juu.

Ofisi yenu ilitujibu kwa simu tarehe 16 kwamba ala hazikufungwa vizuri, na kwamba mzigo uko chini ya dhamana ya abiria mwenyewe. Hatukubaliani na jibu hilo. Ala zilizoharibika bado ziko Ngamiani, hazijaguswa na fundi, na mtu yeyote mtakayemtuma anaweza kuzikagua akiwa na barua hii mkononi.

Tuanze na mizani. Kulikuwa na kinanda cha umeme ndani ya boksi gumu, kilo 14. Spika moja, kilo 18. Akodiani, kile kinanda cha mvukuto, ndani ya sanduku lake, kilo 13. Gitaa la besi kwenye begi lenye sponji, kilo 6. Udi, ala ya nyuzi ya taarabu, ndani ya sanduku la mbao, kilo 5. Na begi la nyaya, maikrofoni na dumbaki, yaani ngoma ndogo, kilo 8. Jumla ni kilo 64. Tiketi zenu zimeandika kwamba kila abiria ana kilo 20 bila malipo, na tiketi zilikuwa 5, yaani kilo 100. Hata hivyo kondakta alikadiria kwa macho, akatoza sh 5,000 kwa kila kipande. Risiti inasema "mizigo 6, 30,000/=" basi. Haisemi mizigo gani. Mtu akisoma risiti hiyo atadhani ni mihogo.

Wakala wenu wa Kange alielezwa kabla ya saa 3 asubuhi, naye akakubali, kwamba ala zote zikae buti la ubavuni upande wa mbele, besi na akodiani zisimame, na kisiwekwe kitu juu yake. Zilipangwa hivyo. Basi lilipofika Muheza, buti likafunguliwa, besi ikalazwa chali ili kupata nafasi, na magunia manne ya machungwa, lumbesa, yaani yaliyojazwa kupita kiasi, yakapangwa juu. Wenzetu wawili waliposhuka kuzuia, utingo akawaambia machungwa yanashukia Chalinze, ni karibu.

Sasa itazameni hiyo besi. Kichwa chake kimeinama nyuma kidogo, kwa hiyo ikilazwa chali hugusa sakafu mahali pawili tu: mgongo wa kiwiliwili na ncha ya kichwa. Shingo inabaki hewani kama daraja. Ukiweka gunia juu ya shingo, mbao hupinda katikati na kupasuka kwa upande wa chini, pale shingo inapokutana na kichwa, maana ndipo mbao ilipo nyembamba kuliko kote. Ufa wa besi yetu umefunguka nyuma ya shingo hapo hapo. Ingekuwa imeanguka, begi lingekuwa na jeraha kwenye ncha au pembeni. Halina. Lina doa la maji ya machungwa upana wa gunia, upande wa mbele, usawa wa shingo.

Mlituuliza kwa simu kama nyuzi zililegezwa. Swali zuri, na jibu ni ndiyo. Nyuzi 4 za besi zikikazwa kwa sauti yake huvuta zaidi ya kilo 60 kwa pamoja, ndiyo maana hulegezwa kabla ya safari. Zetu zililegezwa duru mbili kila kigingi na ziko hivyo mpaka leo. Hakuna anayezilegeza mpaka mwisho, kwa sababu shingo nayo inahitaji kuvutwa kidogo ili isipinde upande wa pili. Mbao hiyo haikuvunjwa na nyuzi.

Basi liliharibika Mkata saa 6 mchana. Hilo hatulilalamikii, chuma ni chuma. Saa 8 tukafaulishwa kwenye basi jingine la kampuni yenu ambalo buti zake za ubavuni zilikuwa zimejaa. Kinanda, spika na besi iliyokwisha kuvunjika vikapenyezwa ubavuni. Udi, akodiani na begi la dumbaki vikatupwa buti dogo la nyuma, lile lililo jirani na injini, likafungwa kwa ufunguo. Kutoka hapo mpaka Mbezi Luis halikufunguliwa, na foleni ya kuanzia Kibaha mnaijua wenyewe. Tulishuka saa 1 usiku. Sanduku la udi lilikuwa la moto kiasi kwamba mpokeaji alilishika kwa kanga.

Udi wa muziki si udi wa kufukiza. Mgongo wake umeungwa kwa mbavu nyembamba za mbao, unene wa milimita chache tu, na kinachozishika ni gundi ya ngozi. Gundi hiyo mafundi huipenda kwa sababu ikipata joto na unyevu inaachia, na ala inafunguka kwa matengenezo bila kuvunjwa. Sifa hiyo hiyo ndiyo iliyotuponza. Ikifika nyuzijoto 60 hivi huanza kulainika. Udi wetu umefunguka kwenye maungio matatu ya mbavu, na daraja la nyuzi limebanduka usoni. Hakuna ubavu uliopasuka, hakuna kigingi kilichovunjika kati ya vyote 11, na sanduku la nje halina hata mkwaruzo mpya. Ala iliyogongwa hupasuka mbao. Yetu imeachia gundi peke yake, jambo ambalo kufunga vizuri hakungeweza kulizuia; blanketi lililouzunguka ndilo lililolitunza joto ndani.

Akodiani inatoa ushahidi wa namna hiyo hiyo. Ndani yake kuna vilimi vya chuma vilivyobandikwa kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu. Nta huyeyuka kwenye nyuzijoto 60 na kitu, na hulainika mapema zaidi ya hapo. Akodiani husafirishwa ikiwa imesimama kwa miguu yake, mikanda ya mvukuto imefungwa. Yetu ilitoka butini imelala kifudifudi. Upande wa kulia, safu nzima ya vilimi imeteleza, na sauti 9 ama hazitoki au zinatoka mbili kwa pamoja. Ala mbili zisizofanana hata kidogo, zimekaa buti moja, na kila moja imeharibika pale tu ilipo na kitu kisichostahimili joto. Dumbaki peke yake ndilo lililofaidi safari, maana ngozi ya mbuzi ikipashwa hukaza, na liliteremka Mbezi likiwa tayari kupigwa.

Kuhusu dhamana ya abiria: begi lililo miguuni pa abiria ni dhamana yake, hatubishi. Lakini mzigo uliotozwa fedha, ukaandikiwa risiti, ukafungiwa kwenye buti ambalo ufunguo wake anao utingo, abiria atauchungaje akiwa kiti namba 23? Hata wakati wa kufaulishwa, waliohamisha mizigo ni watu wenu, na wenye mali waliamriwa kuingia kwanza kuwahi viti.

Tunadai yafuatayo. Fundi wa besi hapa Tanga amekadiria sh 80,000 kuunga kichwa na kupiga rangi. Udi utavuka Unguja, na pamoja na nauli ya mpelekaji ni sh 250,000. Kubandika upya vilimi vya akodiani na kuvilinganisha sauti ni sh 180,000. Besi na akodiani za kukodi Kinondoni, Dar, tulikopiga muziki usiku ule, zilikuwa sh 90,000. Na ile sh 30,000 ya mizigo ambayo haikupaswa kutozwa. Jumla sh 630,000. Hatukuweka humo nyimbo tulizoziacha kwa kukosa udi wa kukodi, wala usumbufu. Hatuna lebo wala mfadhili. Nauli, chakula na matengenezo hutoka kwenye mgao wa kiingilio, na mgao wa usiku ule haufiki nusu ya dai hili.

Zaidi ya fedha, tunaomba utaratibu ubadilike, maana si sisi peke yetu tunaopanda Kange na ala. Tanga ni mji wa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, wa taarabu ya Black Star na Lucky Star. Wakala wa mabasi wa hapa hapaswi kuuliza udi ni kitu gani. Risiti itaje ala kwa jina na mahali ilipowekwa. Ala zipakiwe mwisho kabisa Kange, na kama njiani kuna mzigo wa kuongeza, uwekwe buti la upande wa pili. Buti la nyuma liwe la matairi na spana. Basi likifaulisha, mwenye ala aitwe ahamishe mwenyewe kabla ya kupanda. Udi na akodiani viruhusiwe kuingia ndani ya basi, tena kwa kulipiwa kiti. Tuliomba hivyo Kange tukaambiwa viti ni vya watu, na basi likaondoka na viti vitatu vitupu.

Safari yetu nyingine ya Dar ni tarehe 18 Julai. Tunaomba jibu la maandishi kabla ya tarehe 7 Julai, pamoja na siku mtakayomtuma mtu wenu kukagua ala. Jioni yoyote baada ya saa 10 atatukuta.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
kwa niaba ya wapiga ala watano.

Viambatanisho: tiketi 5, risiti ya mizigo, makadirio ya mafundi na picha 14.

Nakala: LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini), Ofisi ya Mkoa, Tanga.